Utabiri wa majira ya baridi katika Nyanda za Kaskazini za Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi, wanaosoma, wanaofanya kazi viwandani au wanaoendesha malori huko North Dakota, South Dakota na magharibi mwa Minnesota: Fargo, Grand Forks, Bismarck, Aberdeen, Sioux Falls na miji midogo iliyo katikati. Majina ya tahadhari tumeyaacha kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo yatakavyoandikwa kwenye simu yako usiku wa dhoruba. Vipimo tumevitoa kwa inchi na maili kama vinavyotangazwa huko, pamoja na sentimita na kilomita tulizozoea.

Kwa nini hali ya hewa ya huku inabadilika ghafla hivi?

Kwa sababu hakuna kitu cha kuizuia. Magharibi kuna milima ya Rocky, lakini ukitoka Aktiki kwenda Ghuba ya Meksiko hakuna mlima hata mmoja unaokata njia. Hewa kavu na baridi kali ya Kanada inashuka kusini bila kipingamizi, na hewa yenye unyevu ya Ghuba inapanda kaskazini vivyo hivyo. Nyanda hizi ziko mahali zinapokutana. Mwaka 1936 North Dakota ilipima -51°C (-60°F) mjini Parshall mwezi Februari, na mwezi Julai mwaka uleule ikapima 49°C (121°F) mjini Steele. Huko Spearfish, South Dakota, tarehe 22 Januari 1943 joto lilipanda kutoka -20°C hadi 7°C katika dakika mbili, pale upepo mkavu wa joto uliposhuka kutoka milimani.

Bonde la Red River, ambamo Fargo na Grand Forks zimejengwa, lina tabia yake ya ziada. Ni sakafu ya ziwa la kale lililoitwa Agassiz, tambarare kama meza, nalo limelala kaskazini–kusini. Upepo wa kaskazini ukiingia humo unaongeza kasi kama maji kwenye mfereji. Viazisukari na soya vikishavunwa, mashamba yanabaki wazi kwa maili nyingi, na theluji haina cha kushikamana nacho.

Utabiri ulisema inchi 2 tu za theluji. Mbona barabara kuu imefungwa?

Hili ndilo swali la msingi kuliko yote kwenye ukurasa huu. Anayehamia huku hujifunza haraka kusoma inchi, na inchi ndiyo namba inayompotosha. Kinachofunga barabara za I-29 na I-94 mara nyingi ni upepo, hata kama mawingu hayajadondosha kitu.

Blizadi, kwa maana rasmi ya Marekani, haina kipimo cha kina cha theluji. Ina masharti matatu: upepo wa kudumu au wa vishindo vya mara kwa mara wa maili 35 kwa saa (km 56) au zaidi, uwezo wa kuona kushuka mara kwa mara chini ya robo maili (mita 400), na hali hiyo kuendelea kwa saa 3 au zaidi. Baridi haimo katika masharti, wala theluji mpya haimo. Theluji iliyoanguka juzi inaweza kuinuliwa kutoka ardhini chini ya anga safi ya buluu. Ukitazama juu unaona jua. Ukitazama mbele huoni boneti ya gari lako. Wenyeji huiita blizadi ya ardhini.

Kwa hiyo mtabiri hujiuliza swali ambalo programu ya simu haikuonyeshi: theluji iliyopo ardhini ikoje? Ikiwa mpya, kavu na laini kama unga wa muhogo, upepo wa maili 25 hivi kwa saa (km 40) unatosha kuanza kuipeperusha na kupunguza mwonekano. Ikiwa iliwahi kuyeyuka kidogo mchana kisha ikaganda usiku, juu yake kuna gamba gumu, na upepo huohuo hautaiondoa. Ndiyo maana dhoruba mbili zenye upepo sawa zinaweza kuleta siku mbili tofauti kabisa. Modeli za kompyuta ni dhaifu hapa, na uamuzi unabaki kwa binadamu anayejua ni lini mara ya mwisho joto lilivuka sifuri katika eneo lake.

Mahali pia pana uzito. Ndani ya mji, nyumba na miti huvunja upepo, na mtu anayechungulia dirishani Fargo anaweza kudhani hali ni nzuri. Maili 3 nje ya mji, kwenye shamba wazi, ni ukuta mweupe. Baadhi ya wakulima huacha mistari kadhaa ya mahindi bila kuvuna kando ya barabara ili theluji irundikane shambani badala ya barabarani. Ukiona mistari hiyo, ujue hapo pamewahi kuwa na shida.

Unaposoma utabiri basi, anza na upepo, kisha mwonekano, kisha saa utakapoanza na kuisha. Inchi ziwe za mwisho.

Kuna tofauti gani kati ya Watch, Advisory na Warning?

Anayetoka Tanzania amezoea angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa zinazopangwa kwa rangi kulingana na ukubwa wa madhara. Huku kuna jambo la pili: uhakika.

*Watch* maana yake hali ya hatari inawezekana, kwa kawaida ndani ya siku moja hadi tatu, lakini bado haijawa hakika. Huu ndio wakati wa kubadilisha zamu, kununua dawa na kujaza tangi. Wengi huipuuza kwa sababu siku hiyo jua linawaka.

*Warning* maana yake hali hiyo inakuja kwa uhakika mkubwa au imeshaanza. *Blizzard Warning* hufuata masharti matatu ya hapo juu. *Winter Storm Warning* katika eneo hili hutolewa kwa kawaida ikitarajiwa inchi 6 (sm 15) au zaidi ndani ya saa 12, au inchi 8 (sm 20) ndani ya saa 24, au mchanganyiko wa theluji, barafu na upepo wenye madhara sawa na hayo.

*Winter Weather Advisory* ni hali ya usumbufu isiyofikia kiwango cha Warning. Isidharauliwe: ajali nyingi hutokea siku za namna hii, kwa sababu watu hawaahirishi safari.

*Snow Squall Warning* ni ya aina yake. Inahusu mkupuo mfupi wa theluji nzito na upepo, na hudumu dakika 30 hadi 60 tu. Ukiipata ukiwa barabarani, toka kwenye barabara kuu kwenye njia ya kutokea iliyo karibu. Usisimame kando ya barabara, kwa maana magari yanayokuja nyuma hayatakuona.

Tangu Oktoba 2024 yale yaliyoitwa Wind Chill Warning yanaitwa *Extreme Cold Warning*, na Wind Chill Advisory imekuwa *Cold Weather Advisory*. Ukikuta majina ya zamani kwenye karatasi ya kazini, ndiyo hayohayo.

Dhoruba hizi zinatoka wapi?

Mbili ndizo za kuzijua kwa jina.

Ya kwanza ni Alberta Clipper. Huzaliwa mashariki mwa milima ya Rocky upande wa Kanada na kushuka kusini mashariki kwa kasi; inaweza kutoka Alberta hadi Minnesota kwa takriban siku moja. Haibebi unyevu mwingi, kwa hiyo theluji yake kwa kawaida ni inchi 1 hadi 3, kavu na nyepesi. Hatari yake iko mkiani. Kitovu cha mgandamizo mdogo kikishapita, upepo hugeuka kutoka kaskazini magharibi, joto huporomoka, na ile theluji nyepesi iliyoanguka saa tatu zilizopita inainuliwa yote.

Ya pili huitwa Colorado Low. Hii hujijenga kusini mashariki mwa Colorado, huvuta unyevu wa Ghuba ya Meksiko na kupanda kaskazini mashariki. Inakwenda polepole na kuleta theluji nyingi na nzito, wakati mwingine ikiwa na mvua ya barafu. Ukanda wa theluji nyingi zaidi huwa kaskazini magharibi mwa njia ya kitovu, na mara nyingi ni mwembamba. Njia ikisogea kilomita 80 tu kuelekea mashariki, mji uliotarajiwa sm 30 unapata sm 5, na mji jirani unafukiwa. Ukisikia watu wanalalamika kwamba watabiri wamekosea kabisa, mara nyingi kilichotokea ni hicho.

Jambo moja zaidi kuhusu ukingo wa hewa baridi: asubuhi yenye joto lisilo la kawaida isikupe raha. Tarehe 12 Januari 1888 asubuhi ilikuwa nyororo, watu wakaenda mashambani na watoto wakaenda shule bila nguo nzito. Hewa ya Aktiki ilifika ghafla ikiwa na theluji laini kama vumbi. Inakadiriwa watu 235 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa wakirudi nyumbani.

Nani anatoa utabiri, na niamini upi?

Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani ina ofisi za kanda Grand Forks, Bismarck, Aberdeen, Sioux Falls na Rapid City, zenye watu kazini saa 24. Nenda weather.gov, andika namba ya posta ya unakoishi, na utapata utabiri wa eneo lako bila malipo. Chini ya ukurasa kuna kiungo cha *Forecast Discussion*. Hapo mtabiri anaeleza kwa maneno anachokihofia na asichokuwa na uhakika nacho. Lugha yake ina vifupisho vingi, lakini ukizoea aya mbili za mwanzo hutarudi tena kutegemea picha ya wingu kwenye simu.

Programu nyingi za simu huchukua matokeo ya modeli na kuyaonyesha moja kwa moja, bila mtu kuyakagua. Kwa mvua ya kawaida si neno. Kwa blizadi ya ardhini programu hiyo itakuchorea jua.

Kwa nini kila siku namba ya theluji inabadilika?

Dhoruba itakayofika Jumamosi, siku ya Jumanne huwa bado ni wimbi la hewa juu ya bahari ya Pasifiki, ambako puto za kupimia hewa ni chache. Modeli zinakisia umbo lake kutokana na satelaiti na ndege. Wimbi likifika nchi kavu, linapimwa vizuri zaidi, na namba zinatulia.

Kwa sababu hiyo vituo vya utabiri haviendeshi modeli mara moja tu. Huiendesha mara nyingi kwa wakati mmoja, kila mara kwa mabadiliko madogo ya mwanzo. Mfumo wa Marekani una matokeo 31, wa Ulaya una 51. Matokeo yote yakikubaliana, uhakika ni mkubwa. Yakitawanyika, namba moja unayoonyeshwa ni wastani ambao pengine hautatokea.

Tafuta ukurasa wa theluji kwa uwezekano kwenye tovuti ya ofisi ya kanda yako. Una namba tatu: kiasi kinachotarajiwa, kiasi cha chini, ambacho kuna nafasi 9 kati ya 10 kukivuka, na kiasi cha juu, ambacho kuna nafasi 1 kati ya 10 kukivuka. Ukiona 1, 5 na 12, hiyo si dhoruba ya inchi 5. Ni dhoruba ambayo bado haijulikani, na mwenye mifugo anapaswa kujiandaa kwa 12.

Ubaya wa namba moja ulionekana wazi mjini Grand Forks. Majira ya 1996–1997 yalileta blizadi nane, ambazo gazeti la mji lilizipa majina kwa mpangilio wa alfabeti, kuanzia Andy hadi Hannah, na Fargo ikapata jumla ya inchi 117 za theluji, karibu mita 3. Utabiri wa mafuriko ya mto ulitoa kilele cha futi 49. Watu wakajenga kingo kwa kutumia namba hiyo pamoja na futi chache za ziada. Mwezi Aprili 1997 mto ulifika futi 54.35, na karibu mji wote ukahamishwa. Futi 49 zilisomwa kama ahadi, wakati zilikuwa katikati ya wigo mpana.

Kiasi cha maji kilitabiriwa sawasawa, lakini theluji ikawa maradufu. Inawezekanaje?

Modeli hutabiri maji. Kina cha theluji kinatokana na uwiano. Kanuni ya makadirio ya haraka ni 10 kwa 1: milimita 10 za maji hutoa sm 10 za theluji. Lakini huku, hewa ikiwa baridi na kavu, uwiano wa 15 au 20 kwa 1 ni jambo la kawaida. Maji yaleyale ya milimita 10 yanakuwa sm 20.

Siri iko mawinguni. Kati ya -12°C na -18°C chembe hukua zikiwa na matawi kama nyota, na nyota hizo zikirundikana huacha nafasi kubwa za hewa. Hewa ikipanda kwa nguvu hasa kwenye tabaka hilo la wingu, theluji inakuwa nyepesi na nene. Upepo mkali nao huzivunja chembe zikiwa njiani, zikalala zimeshikana, na kina kinapungua. Mtabiri anayepanga uwiano anapima mambo haya mawili, moja dhidi ya jingine.

Nawezaje kupima theluji nyumbani kwa usahihi?

Vipimo vya wananchi vinasaidia kweli, kwa sababu vipimo vya mashine viwanja vya ndege hupoteza theluji nyingi upepo ukivuma. Mtandao wa kujitolea wa CoCoRaHS, ulioanzia Colorado mwaka 1998, hupokea vipimo kila asubuhi.

Unahitaji ubao wa plaiwudi wa inchi 16 kwa 24 (sm 40 kwa 60) uliopakwa rangi nyeupe, rula yenye mgawanyo wa sehemu za kumi za inchi, na kipimamvua cha plastiki chenye mdomo wa inchi 4. Weka ubao mahali pasipo na rundo la upepo wala kivuli cha paa, na usimike kijiti kando yake, la sivyo hutauona tena. Baridi ikianza, ondoa faneli na mrija wa ndani. Acha silinda ya nje peke yake. Ukiusahau mrija humo, maji yataganda na kuupasua.

Asubuhi, chomeka rula wima hadi iguse ubao. Kama theluji imelala kwa mawimbi, pima sehemu kadhaa na uchukue wastani. Kisha ingiza silinda ndani. Jaza maji ya moto kiasi kwenye mrija hadi alama ya inchi 0.50, yamwage kwenye silinda, tikisa mpaka theluji yote iyeyuke, halafu yarudishe yote kwenye mrija na usome. Tuseme inasoma 0.83. Toa 0.50 zako: theluji ilikuwa na maji ya inchi 0.33. Ikiwa rula ilisoma inchi 5.0, uwiano ni karibu 15 kwa 1.

Upepo ukiwa umeipuliza theluji ikapita juu ya silinda bila kuingia, usitumie kilichomo. Geuza silinda kichwa chini, ikandamize kwenye theluji ya ubaoni hadi iguse mbao, pitisha bati jembamba chini yake, uigeuze, kisha uyeyushe hicho. Ukimaliza, fagia ubao na uurudishe juu ya theluji. Wakati wa dhoruba usifagie zaidi ya mara moja kila saa 6. Anayefagia kila saa anapata jumla kubwa isiyo ya kweli, kwa kuwa theluji haijapewa nafasi ya kushindiliana.

Rada haionyeshi kitu, lakini nje ni weupe mtupu. Imeharibika?

Haijaharibika. Mwale wa chini kabisa wa rada huinuka kwa nusu nyuzi, na dunia nayo inajipinda. Kwa umbali wa kilomita 150 kutoka rada, katikati ya mwale iko karibu kilomita 2 na nusu juu ya ardhi. Theluji ya mawingu ya chini inapita chini yake bila kuonekana. Theluji inayopeperushwa kutoka ardhini ndiyo kabisa, maana inakaa mita chache hadi makumi ya mita juu ya shamba. Rada inayohudumia Fargo na Grand Forks iko Mayville, kwa hiyo pembezoni mwa bonde pengo hili ni kubwa. Tazama kamera za barabarani badala yake.

Wind chill ni nini, na inaathiri gari langu?

Ni kipimo cha jinsi upepo unavyoiba joto la ngozi iliyo wazi. Fomula inayotumika ilianza mwaka 2001. Mifano miwili ya kukariri: joto la -18°C (0°F) na upepo wa maili 15 kwa saa hutoa -28°C, na ngozi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Joto la -29°C (-20°F) na upepo wa maili 20 hutoa -44°C. Hapo ni dakika 10. Anayesubiri basi la zamu ya alfajiri bila glavu anaweza kupata jeraha kabla basi halijafika. Vidole, pua na masikio vikifa ganzi na kubadilika rangi, ingia ndani. Usivisugue, wala usivipake theluji.

Gari, bomba na betri haviguswi na namba hiyo. Upepo unavipoza haraka zaidi, lakini haviwezi kushuka chini ya joto halisi la hewa. Kwa injini angalia kipimajoto: baridi ikikaribia -20°C na kushuka, chomeka hita ya injini kwenye umeme usiku. Mwenye lori ajue kwamba dizeli ya kawaida, namba 2, hutoa nta kwenye baridi kali na kuziba chujio. Jaza mchanganyiko wa majira ya baridi wenye namba 1 kabla hewa ya Aktiki haijafika.

Saa zilizoandikwa 00Z, 06Z, 12Z na 18Z nizisomeje?

Hapa Mswahili ana bahati. Saa hizo ni za UTC, yaani saa za marejeo za dunia nzima, na majira ya baridi Fargo, Bismarck na Sioux Falls ziko saa 6 nyuma ya UTC. Tofauti hiyo ni sawasawa na ya saa zetu. Kwa hiyo 12Z ni saa kumi na mbili asubuhi, 06Z ni saa sita usiku, na 18Z, ukitoa 12, ni saa sita mchana. 15Z ni saa tatu asubuhi. 00Z ni saa kumi na mbili jioni. Angalia tarehe tu, kwa sababu 00Z ya Jumamosi ni Ijumaa jioni. Ujanja huu haufanyi kazi Rapid City, iliyo saa moja zaidi nyuma, na huku kwingine unakoma Machi saa zinaposogezwa mbele.

Puto za kupimia anga hulenga 00Z na 12Z. Modeli kubwa huendeshwa mara nne kwa siku na matokeo huja saa kadhaa baadaye. Modeli ya masafa mafupi iitwayo HRRR huendeshwa kila saa. Ndiyo ya kutazama siku ya dhoruba yenyewe.

Mvua inanyesha na kipimajoto kinasoma chini ya sifuri. Imekuwaje?

Juu, kwenye kilomita moja hadi tatu, kuna tabaka la hewa ya joto. Theluji ikipita humo inayeyuka, kisha inaingia kwenye hewa baridi iliyolala chini. Ikiwa tabaka la joto limezidi +3°C hivi, matone yanayeyuka kabisa, yanafika yakiwa maji na kuganda yanapogusa lami, waya na matawi. Likiwa kati ya +1 na +3, hubaki kiini cha barafu, na tone linaganda tena njiani na kudunda kama punje za mchele. Tofauti ya nyuzi mbili kwa umbali wa kilomita mbili juu ya kichwa chako ndiyo inayoamua; usishangae watabiri wakiwa na wasiwasi. Barafu ya robo inchi (milimita 6) inatosha kuangusha matawi na waya za umeme. Chumvi ya barabarani nayo hupoteza nguvu lami ikishuka chini ya -9°C hivi, kwa hiyo usitegemee kwamba "wameshamwaga chumvi".

El Niño na La Niña zinahusika?

Zinahusika, na kwa Mwafrika Mashariki ni habari ya nyumbani. El Niño, ambayo mara nyingi huongeza mvua za vuli kwetu, huelekea kuleta majira ya baridi yenye joto kwenye nyanda hizi. La Niña, inayokausha vuli, huelekea kuongeza baridi huku. Mwaka 2023 El Niño ilikuja na mafuriko Kenya, Somalia na Tanzania; majira ya baridi yaliyofuata yakawa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa North Dakota na Minnesota. Lakini huo ni mwelekeo wa miezi mitatu. Hausemi lolote kuhusu Jumanne ijayo, na blizadi moja kali inaweza kutokea hata ndani ya majira ya baridi yenye joto.

Niangalie nini kabla ya safari, na nikikwama nifanyeje?

Siku mbili kabla, soma Watch na upepo. Usiku wa kuamkia safari, soma Forecast Discussion. Saa moja kabla, piga 511 au fungua ramani ya barabara ya jimbo. *No Travel Advised* maana yake usiende. *Road Closed* maana yake mageti yamefungwa, na kuyapita ni kosa kisheria. Redio ya hali ya hewa, kati ya 162.400 na 162.550 MHz, hufanya kazi hata mtandao wa simu ukikatika.

Gari liwe na mafuta zaidi ya nusu tangi, blanketi, koleo, tochi, kitambaa chenye rangi kali, chakula kisichoganda na chaja.

Ukikwama, usitoke gari kutafuta msaada. Watu wamekutwa wamekufa karibu kabisa na magari yao, kwa sababu kwenye weupe ule mtu hupoteza upande ndani ya hatua kumi. Funga kitambaa kwenye antena au mlangoni. Piga 911 na utaje namba ya nguzo ya maili ya mwisho uliyoiona; jenga mazoea ya kuzisoma kabla hujazihitaji. Washa injini dakika 10 kila saa, na kila mara kabla ya kuiwasha chimbua theluji kwenye bomba la moshi, kisha fungua kidogo dirisha la upande usio na upepo. Gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, kaboni monoksidi, haina harufu, na bomba lililozibwa na theluji linaijaza ndani ya gari wakati abiria wamelala.